Neno Dogo kwa Mkono wa Agnetha

"Siandiki tena," alisema Alphonce, akaisukuma karatasi hadi upande wa pili wa meza kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha. "Niliandika nilichokiona. Leo nifute kwa sababu umekuja na buti?"

Sajini Dorotea hakuigusa. Alimwambia hakuna aliyesema afute. Anachoombwa ni kutazama tena. Alphonce akasema alitazama. Sajini akasema kutazama bila kushika ni kazi ya watalii. Alphonce akasema mgonjwa alitamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ameanguka kutoka kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, na kazi ya mganga si kupiga ramli. Walikuwa wamefika hapo, sauti zikipandiana, na wagonjwa waliopanga foleni nje ya dirisha walikuwa wameacha hata kukohoa ili wasikie vizuri.

Alphonce alikuwa mganga msaidizi wa zahanati, lakini mtaa mzima ulimwita daktari na yeye hakuwakatalia. Kwao Bukoba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye foleni ndefu.

Kilichogombaniwa kilikuwa neno moja. Kwenye fomu ya polisi ya matibabu, ile PF3 ambayo kila aliyewahi kupigwa anaijua, kuna mahali ambapo mganga huandika kwa Kiingereza kiasi cha madhara. Alphonce alikuwa ameandika "harm". Chuoni Moshi, mkufunzi aliwafundisha askari maneno hayo kama ngazi. Chini kabisa ni "harm", maumivu yoyote, hata ya mwiba. Juu yake "dangerous harm", yanayotishia uhai. Juu zaidi "grievous harm", yanayomharibia mtu afya moja kwa moja au kumwachia kilema. Na kiungo kikifa kisirudi, hapo husema "maim". Kila kipandio kina adhabu yake. Kwa cha chini mtu hulipa faini akaenda zake. Kwa cha juu hulala gerezani miaka.

Kituoni kwao maneno hayo yaliogopwa kuliko majambazi. Mwaka uliotangulia jalada moja lilirudi kutoka kwa wanasheria wa Morogoro kwa sababu askari aliandika kwamba ng'ombe wame-"harm" mpunga. Jibu lilikuja kwa wino mwekundu: mpunga hupata "damage", mtu ndiye hupata "harm", na nyumba ikiteketea yote ndipo useme "destroyed". Mkuu wao, Inspekta Nassib, alilibandika ukutani ili watu wajifunze. Wakajifunza kuogopa.

Saa sita mchana wa siku hiyo, Eustaki, mume wa mgonjwa huyo, Agnetha, alikuwa apelekwe mahakamani kwa lile neno dogo. Angelipa faini na jioni angekuwa nyumbani Mofu. Tena alikwisha kuwatangazia majirani kwamba anahamia Masagati, mbele kabisa ya Mlimba, kwa ndugu zake, yeye na mkewe. Huko hakuna polisi wala zahanati. Agnetha akipigwa tena huko, hakutakuwa na wa kumleta.

"Hebu nikuulize, Daktari," alisema Dorotea, sasa kwa sauti ya chini. "Alianguka lini?"

"Jumatano ya Majivu. Alikuwa anaamia ndege."

"Ndege gani?"

Alphonce alimtazama kama anayetafuta mtego ulipo. "Ndege. Hawa wanaokula mpunga."

"Mpunga upi? Mpunga wa Mofu ulipandwa baada ya Krismasi. Siku ya Majivu ulikuwa majani matupu, haujabeba mimba, sembuse kutoa masuke. Mimi nimekulia bondeni humu, nimeamia ndege tangu sijang'oka meno ya utoto. Hakuna mwanamke wa hapa anayepanda dunguni kulinda majani."

Akamweleza alichokiona Mofu siku iliyotangulia. Dungu lenyewe lilikuwa la msimu uliopita, paa limebebwa na upepo, ngazi imeota uyoga. Kama kuna mtu aliipanda mwezi ule, basi hakuwa na uzito. Kisha alikwenda nyumbani kwa Eustaki. Mama mkwe alimkaribisha vizuri, akamkalisha uani karibu na kinu. Kinu kilikuwa cheusi kwa miaka, ukingo umelika. Lakini mchi ulikuwa mweupe, mpya, bado una alama za panga. Mama mkwe alisema wa zamani uliliwa na mchwa.

"Mchi unashikwa kila siku, asubuhi na jioni," alisema Dorotea. "Mchwa ataula saa ngapi?"

Alphonce akakubali kwamba hilo lina maneno. Akauliza, kama yote hayo anayajua, mbona asimkamate mtu wake. Dorotea akasema mtu wake yuko mahabusu tangu juzi. Dungu na mchi vinasema amempiga. Havisemi kiasi. Kiasi anakisema yeye, kwa lile neno lake.

"Basi nisikilize na mimi," alisema Alphonce. "Mkono ulikuwa umenyooka. Uvimbe hakuna. Walikuja hapa wiki mbili nzima baada ya siku hiyo. Mfupa uliovunjika ukaachwa wiki mbili unapinda, Sajini, hata mtoto anajua. Wake ulikuwa umenyooka kama wangu."

Hicho ndicho kitu ambacho Dorotea alikuwa akikizungusha kichwani tangu Mofu bila kupata pa kukishikia. Aligeukia dirishani. Kwenye benchi la nje walikaa dada wawili. Odilia, mkubwa, aliyeolewa kijiji cha Mbingu, ndiye aliyemtoa mdogo wake Mofu akamleta polisi kwa nguvu. Agnetha alikaa kando yake, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu alichoombwa akishike. Mgongoni kwa Odilia alilala mtoto mchanga.

Dorotea aliwaita ndani wote.

Waliamkia, wakakaa. Dorotea akauliza mtoto ni wa nani. Odilia akasema ni wa Agnetha, wa kike, jina lake Stumai. Dorotea akasema kumbe Agnetha ana dada wa kumshukuru Mungu, maana tangu siku ya kwanza walipofika kituoni hakuwahi kumwona mtoto huyo mgongoni kwa mama yake.

"Mbebe mwanao," alimwambia Agnetha.

"Amelala, mama."

"Mtoto akihamishwa mgongo haamki. Mbebe nione."

Odilia alifungua mbeleko polepole. Agnetha akainama, mtoto akawekwa mgongoni, kanga ikazungushwa. Mkono wa kushoto ukavuta ncha yake vizuri. Wa kulia ukaishika ncha ya pili, na ncha ikatoka. Akaishika tena. Kidole cha mwisho na jirani yake havikukunjika. Vilisimama vimejipinda kama kucha za kuku aliyechinjwa. Kanga ikateleza kati ya vidole hivyo mara ya tatu, na mtoto angeanguka nayo kama Dorotea asingekuwa amekwisha kumwekea kiganja chini ya makalio tangu mwanzo.

Alphonce alikuwa amesimama.

"Mrudishie dada," alisema Dorotea. Kisha akaushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kifundo kulikuwa na mistari, imepauka kuliko ngozi nyingine, yote sambamba, kama mtu aliyelalia mkeka. "Odilia. Hii ni nini?"

Odilia alitazama sakafu, akatazama kabati la dawa, akamtazama Alphonce.

"Matete," alisema.

Ikatoka yote. Siku ile ile ya Majivu mama mkwe alimkimbiza Agnetha kwa mzee Lukelo, fundi wa kuunga mifupa wa pale pale Mofu. Mzee aliunyoosha mkono, akaufunga kwa vipande vya matete, akaupaka dawa, akaagiza usifunguliwe mpaka yeye mwenyewe aseme. Odilia alipokuja kumchukua mdogo wake, walisafiri naye hivyo hivyo. Walipokaribia mjini wakashuka mtoni, wakakata kamba, wakatupa matete majini, wakausugua mkono kwa sabuni mpaka harufu ya dawa ikaisha.

"Kwa nini?" aliuliza Alphonce.

"Kwa sababu mkituona na dawa za kienyeji mnatugombeza mbele ya watu, Daktari. Jirani yangu alikuja na mguu umefungwa, akaambiwa arudi kwa huyo huyo aliyemfunga. Tulitaka Agnetha apokelewe."

"Si mimi niliyemwambia hivyo."

"Sikusema wewe. Nimesema hapa."

Alphonce alivuta kiti, akakaa mbele ya Agnetha, na safari hii akashika. Vidole vyake vilitembea juu ya mfupa wa upande wa kidole kidogo, vikafika katikati, vikasimama. Akauchukua mkono wa Dorotea akauweka hapo. Chini ya ngozi kulikuwa na nundu ngumu, kubwa kama kokwa la tende. Mfupa wa pili ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

Dorotea akamuuliza mtu akianguka kutoka juu hutanguliza nini. Alphonce akasema kiganja, na kinachoumia mara nyingi ni kifundo. Na huu wa katikati, mmoja peke yake, wa upande wa nje? Dorotea alikunja mkono wake mwenyewe, akauinua mbele ya uso, upande wa nje ukielekea mbele, kama anayekinga jua. Akamtazama Agnetha.

"Ulifanya hivi, mwanangu?"

Agnetha aliurudisha mkono wake mapajani. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Alikuwa analenga kichwa."

"Utamwambia hakimu hivyo?"

"Yeye akiwa amesimama pale ananitazama? Hapana, mama. Siwezi."

Akasema siwezi kwa unyofu, kama mtu anayeambiwa anyanyue gunia linalomzidi nguvu. Dorotea alikuwa amekwisha kusikia siwezi ya namna hiyo mara nyingi, na hakuwahi kupata dawa yake.

Akamgeukia Alphonce. Sasa je, ataandika?

Alphonce aliivuta ile karatasi, akaichukua kalamu, akaiweka chini. Hakuwa anabisha tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema akifuta neno alilolitia saini na kuandika jingine bila picha ya mfupa, mtetezi yeyote atauliza ni lini alidanganya, jana au leo, na kesi itafia hapo. Picha ataipata, na taarifa ya pili itakubalika, lakini si leo. Na vidole ni jambo jingine. Neno la juu linataka kudumu. Mshipa wa fahamu ulioguswa unaweza kurudi, unaweza usirudi. Hata daktari wa mifupa wa mkoa atasema tusubiri mpaka mavuno yapite, pengine mpaka Krismasi.

"Hakimu anataka neno saa sita," alisema Dorotea.

"Najua."

"Kwa hiyo tuombe vidole visipone."

Nje mtu alianza kukohoa tena.

Kilichokuwa mkononi mwa Alphonce kilikuwa kimoja. Gari la zahanati lilikuwa linakwenda Morogoro mchana huo huo kuchukua dawa. Angeweza kumwandikia Agnetha rufaa, akalazwa huko, picha ikapigwa, na daktari wa mifupa akaanza kuufuatilia mkono. Odilia akasema atakwenda naye, nyumba ya Mbingu itajilinda. Dorotea akasema, "Andika."

Kituoni, Dorotea alimkuta Eustaki amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu aliye barazani kwake. Alikuwa kijana wa kupendeza, mwenye trekta la kukodisha, mpole wa kuongea. Alisimama akasema shikamoo kabla hajaulizwa kitu. Siku mbili za kwanza alikuwa ameng'ang'ania dungu. Leo alikuwa na wimbo mwingine.

"Nakiri, afande. Nilimpiga. Kofi moja, akayumba, akaanguka vibaya. Ibilisi tu."

"Jana uliniambia dungu."

"Jana nilikuwa na hofu."

"Na leo hofu imekwenda wapi?"

"Jana jioni mlinisomea shtaka." Alitabasamu kidogo, kwa adabu. "Ni 'harm', siyo? Nilifika kidato cha pili, siyo mbumbumbu kabisa. Mtu akikosa, akiri, alipe, aende akaombe radhi kwa mke wake."

"Mchi wa mama yako uko wapi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yaliacha kulifuata. "Uliliwa na mchwa."

"Ndivyo alivyosema na yeye."

"Basi ndivyo ilivyokuwa."

"Mto una maji mengi mwezi huu, Eustaki. Mchi ukitupwa Mofu unafika wapi?"

Eustaki alitazama dirisha dogo la juu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mama, nipeleke mahakamani. Mimi nataka kukiri mbele ya hakimu. Hiyo ni haki yangu."

Na ilikuwa haki yake. Dorotea alirudi ofisini akijua hasa alichokuwa ameonyeshwa. Mtu anayeikana hatia usiku na kuikimbilia asubuhi, kuna kubwa anayoikimbia. Akikiri kwa neno dogo, hakimu atamhukumu kwa neno dogo, na hapo mkono wa Agnetha utakuwa umekwisha kulipwa. Picha itakuja, taarifa ya pili itakuja, vidole vitakauka. Na hakuna mtu atakayeweza kumshtaki mara ya pili kwa mkono ule ule. Eustaki hakuwa ameupata ujanja huo kwa mtu. Alisikia shtaka likisomwa, akaona mlango uko wazi.

Aliyaweka yote mbele ya Inspekta Nassib: mpunga usio na masuke, mchi mweupe, matete, nundu, kanga iliyoteleza. Nassib alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kustaafu mwaka ule, na alipenda majalada yaliyofungwa.

"Amekiri," alisema. "Unataka nini zaidi ya mtu kukiri?"

Dorotea akasema anataka muda. Nassib akasema muda haupo. Mtu hawezi kukaa mahabusu akingoja vidole vya mkewe vikauke. Sheria inasema mpeleke mbele ya hakimu au mwachie, hakuna njia ya tatu. Na hakimu kesho anakwenda Mlimba kusikiliza kesi za huko. Dorotea akauliza kama haiwezekani kumwachia kwa dhamana ya polisi, upelelezi ukaendelea. Nassib akavua miwani.

"Nimwachie mpiga mke aliyekiri? Niseme nini kwa watu? Dorotea, neno limeandikwa na mganga, shtaka limesomwa, karandinga ya kumpeleka mahakamani inakuja. Baada ya hapo hayako mikononi mwetu."

"Hata mimi naona hivyo, afande."

"Basi mpeleke."

Akatoka kwenda kunywa chai kibandani mkabala na kituo.

Dorotea alibaki amesimama katikati ya ofisi. Ukutani, ile barua ya Morogoro ilikuwa imeanza kugeuka manjano: mpunga, mtu, nyumba, kila kimoja na neno lake la kuharibika. Akaanza kulitafuta neno la mwanamke asiyeweza kumfunga mwanawe mgongoni, akaona anapoteza wakati.

Barabarani ikapita Land Rover ya zahanati, imepakwa tope hadi madirishani. Odilia alikaa upande wa dirisha, mtoto kamlaza kifuani. Agnetha alikuwa katikati, kichwa kimeinama. Gari likashika barabara ya Kidatu, likapungua, likaisha.

Akimpeleka Eustaki, mlango utafungwa leo na hautafunguliwa tena. Akimwachia, atatoka akiwa huru, na anaweza kushika barabara ile ile kabla jua halijazama. Alikuwa mpelelezi mwenye kila kitu mkononi, na kila alichonacho kilimwambia hawezi. Kati ya mabaya mawili, moja tu lilikuwa na kesho. Kuhusu cheo chake, watoto wake walikwisha kula ugali wa koplo kabla hawajala wa sajini, na hawakufa.

Alichukua funguo.

Alifungua kufuli, akasukuma mlango, akamwambia Eustaki avae viatu. Eustaki akauliza kama karandinga imefika. Dorotea akasema haendi mahakamani. Ameachiwa kwa dhamana ya polisi, upelelezi unaendelea. Aripoti kila Jumatatu, na asivuke Mlimba. Akampa mkanda wake na saa yake, akamwonyesha pa kutia saini.

Eustaki hakutia saini mara moja. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeonewa.

"Lakini nimekiri, mama."

"Tia saini."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Anatibiwa."

Akatia saini. Akanyoosha mkono wa kulia kuaga, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri. Dorotea aliutazama, vidole vyote vitano vikikunjika na kukunjuka, akakirudisha kitabu cha dhamana kwenye droo. Eustaki akashuka ngazi, akasimama barabarani, akatazama upande wa Mlimba, akatazama upande wa Kidatu, asijue ashike upi.

Karandinga ikaingia uani wakati huo huo, na Nassib nyuma yake, bado anafuta mdomo kwa kitambaa. Aliuona mlango wa mahabusu uko wazi.

"Sajini. Mshtakiwa yuko wapi?"

Dorotea aliweka funguo mezani mbele yake.

"Nimemwachia, afande."